Dai la Kwanza

Bahasha imekuja kwangu, wala si yangu.
Jina ni langu, herufi kwa herufi,
Elirehema Mamuya, S.L.P. Moshi,
na karani wa posta, pale karibu na mnara wa saa,
hana muda wa kuuliza ni yupi.

Maana tuko wanne.
Mmoja ni mhandisi wa maji, anakaa Njiro, Arusha,
ana gari la kazi na kadi zenye jina letu kwa wino wa dhahabu.
Mmoja ni muuguzi, mwanamke, wadi ya watoto KCMC,
aliyebuni kibanio cha mrija wa dripu
kwa kipande cha kandambili.
Kikapewa hataza. Namba yake anaijua kwa moyo
kama wengine wanavyojua zaburi,
na mshahara ni ule ule.
Wa tatu mimi. Nasuka mota, Pasua:
waya wa shaba, vanishi, pampu zilizoungua.
Hati yangu pekee ni leseni ya biashara,
nayo iliisha Juni.

Wa nne tutamfikia.

Nimeifungua. Usinihukumu,
jina langu lilikuwa juu, mkono ukatangulia.
*Kifaa cha kufunga mkondo wa maji
bila umeme na bila mlinzi.
Dai la kwanza: boya lenye uwazi ndani
limefungwa kwa kamba kwenye ncha ya wenzo;
ncha ya pili inabeba uzito;
maji yakifika alama boya hupanda,
uzito huanguka, lango hujifunga lenyewe.*
Halafu mhuri. Halafu: *uvumbuzi huu ni mpya.*

Nikarudia. Boya lenye uwazi ndani.
Nikacheka peke yangu hadi kijana wa duka la spea akageuka.

Kibuyu!
Mhandisi, ndugu yangu, hicho ni kibuyu.

Wa nne ndiye wa kwanza: babu,
Elirehema Mamuya wa Mamba Komakundi,
mkali, mchoyo wa tumbaku, mguu mmoja mfupi,
ambaye zamu yake ya mfereji iliangukia saa nane usiku
na ambaye alipenda usingizi kuliko alivyopenda majirani.
Alibuni apate kulala, basi.
Kibuyu cha mbege kilichovunjika shingo,
akakiziba kwa nta;
kamba ya mgomba; shina la mbuni uliokauka
(mbuni mti, namaanisha;
mbuni mtu alikuwa anakoroma);
jiwe.
Bwawa likijaa, kibuyu kinapanda,
jiwe linaanguka, *pu!*
wajukuu tunashtuka kitandani,
yeye anageukia ukutani.

Watatu tulipewa jina lake,
kila mwanawe akidhani ndiye aliyemheshimu zaidi.
Kihamba kilipogawanywa walipima kwa hatua,
wakagombana kwa migomba sita na nusu.
Jina tulichukua zima, kila mtu lake.
Kibuyu hakikutajwa.
Nani angekiandika kwenye mirathi,
kitu kinachonuka mbege na matope?

Chini kabisa ya karatasi:
*mwenye pingamizi alete ndani ya siku sitini.*
Nikachukua kalamu.
Ushahidi ninao, jiwe bado lipo,
shangazi analitumia kuzuia mlango wa jiko.
Nikatazama mstari wa mvumbuzi.
*Elirehema Mamuya.*

Wamepatia.
Hawajui, lakini wamepatia.

Gundi sikuwa nayo, nikaifunga kwa vanishi ya mota,
nikaandika juu: Njiro, kwa mkono.
Jumamosi nitapanda basi niipeleke.
Sitamwambia mengi, mtu ana cheti chake.
Nitamuuliza tu
kama siku zile za likizo, chumba cha nyuma,
alikuwa macho
jiwe lilipoanguka.