Jumamosi, Kenyatta Market

Kwamboka ananisuka, kichwa nimekiinamisha,
na moshi wa mbavu unapenya kati ya vibanda
kama mdai anayejua jina langu.

Daktari alikata tumbo.
Pua hakuigusa.

Kilo thelathini na moja zimekwenda zao.
Hamu imebaki, ndiyo yenye funguo.

Tumbo sasa ni kikombe cha kahawa:
vijiko vitatu vya uji, kimejaa.
Lakini ulimi bado unakumbuka sinia,
kachumbari, tonge nikilifinyanga kiganjani,
kaka yangu Mutiso akinisukumia mfupa wenye uboho.

"Nikuagizie robo?" Kwamboka anauliza.
Agiza, nasema. Ule wewe.
Ule polepole, nikusikie.

Anatafuna juu ya utosi wangu.
Tone la mafuta linaniangukia shingoni.

Silipangusi.