Kaliba

Dukani kwa Chidumizi, nyuma ya soko la Majengo,
risasi tatu zimesimama juu ya kioo
kama wageni waliokataa kukaa.

"Hii nyembamba," anasema, "sita nukta tano.
Haina teke, inaruka mbali, imenyooka kama uzi wa fundi mwashi.
Hii ya kati, mia tatu na nane,
hata Manyoni utaipata, hata kwa mkopo.
Na hii..."
Hakuitaja. Aliisogeza kwa kidole tu.
Hiyo ni ya nyati, na bega langu la kulia
lilivunjika nikiwa darasa la nne,
nilipodondoka kwenye mkokoteni wa maji pale Kilimatinde.
Likiona wingu tu, linauma.

Nina kibali mfukoni: tandala mmoja, dume,
kabla mvua haijashuka.
Nina swali nililolifanyia mazoezi ndani ya basi:
ipi inafika hatua mia nne?

"Zote zinafika," anajibu Chidumizi.
"Hata jiwe hufika, likipewa mlima."

Kisha ananisomea upepo,
kama mwenye nyumba anayemsema mpangaji msumbufu.
Upepo wa Agosti, huu unaoingia kutoka Kongwa,
hauna adabu: unabeba vumbi, mifuko, kanga za watu,
harufu ya zabibu zilizoanza kuchacha,
na risasi yako ikiwa nyepesi utaibeba pia,
shibiri mbili, bila kuomba.
Na shibiri mbili, mwilini mwa tandala,
ndiyo njia yote kutoka moyoni hadi tumboni.

Tumboni.

Hapo nikaacha kumsikiliza.

Baba alimpiga tandala kule Muhesi, mwaka wa njaa,
kwa mbali, kwa majivuno, shemeji zake wakitazama.
Bunduki ilikuwa kubwa. Mlio ulikuwa mkubwa.
Mnyama akajitosa kwenye kichaka cha Itigi,
kile ambacho hata mbwa hukiingia kinyumenyume.
Tukafuata damu siku mbili:
tone kwenye jani,
tone jingine mbali kama nyumba ya jirani,
kisha majani matupu.
Siku ya tatu tai ndio waliotuonyesha.
Hatukula.
Baba alivua kofia akawafukuza nayo tai
mpaka mkono ukachoka, nao wakarudi.
Njia nzima hakufungua mdomo.
Nyumbani, mama akiwa bado ameshika sufuria,
alisema maneno mawili:
"Nilikuwa mbali."

Watu husema fulani ni mtu wa kaliba.
Sijui huipimia wapi,
mdomoni mwa mtutu
au upande huu wa kitako, penye shavu.

"Nipe ya kati," nasema. "Ishirini."

"Ishirini! Kwa tandala mmoja?"

"Kumi na tisa za kopo la rangi,
nitalitundika kwenye mgunga, asubuhi na jioni,
mpaka bega na upepo vizoeane."

"Na ya ishirini?"

"Hiyo nitaibeba mwenyewe.
Hatua mia tatu, kwa miguu, kwa tumbo ikibidi.
Mia iliyobaki iende peke yake."

Chidumizi hakucheka. Aliandika namba ya leseni,
akazihesabu mara mbili, akafunga kwa gazeti.

Nje, upepo ukaninyang'anya risiti.
Nikaikimbilia,
bega likiuma,
huku zile ishirini zikigongana mfukoni.