Ufunguo wa Mrutu

Kwenye kompyuta yangu Moshi ni nukta mia nne na kumi na mbili,
na mistari inayozishika kama mshono wa fundi mwenye haraka.
Chemchemi, pampu, nguzo, kalavati, zahanati.
Kazi yangu ni kuziua.
Nafuta daraja la Karanga, nakoroga chai,
nangoja mashine ihesabu nani atalala na kiu.
Narudisha daraja. Naangusha nguzo tatu za Soweto.
Usiku mmoja niliuzamisha mji huu mara elfu mbili,
asubuhi nikanunua ndizi Mbuyuni
kana kwamba sijamkosea mtu.

Nikaandika ripoti: Mfumo unahimili.
Maneno mawili. Niliyapenda.

Kisha ikaja masika yenyewe.
Mto Rau ukabeba nguzo, umeme ukaenda,
na jenereta ya akiba, nukta ya themanini na nane,
ya kijani, isiyowahi kushindwa kwenye mahesabu yangu,
ikakaa kimya ndani ya kibanda chenye kufuli.

Ufunguo alikuwa nao Mrutu.
Mrutu alikuwa Ugweno, anamzika dada yake,
ng'ambo ya barabara iliyokatika,
ufunguo mfukoni mwa koti la msibani,
simu haina chaji, maana na kule umeme hakuna.

Siku mbili Pasua ilikinga mvua kwa masufuria
na mafuriko yakipita mlangoni.
Wodi ya wazazi, nesi Ndeonansia akinawa kwa maji ya chupa
alinipigia: "Hiyo ramani yako inasemaje?"
Ilisema tuko salama.

Mrutu alirudi kwa miguu, matope hadi magotini.
Alifungua. Ikanguruma.
Nikamuuliza, umekaa na ufunguo huu miaka mingapi?
"Kumi na tisa."
Na likizo?
Akacheka, akajifuta mikono kwenye koti lilelile.

Leo nimeongeza nukta moja.
Haina saruji wala volti.
Ina goti bovu, na dada mmoja pungufu.
Nikaifuta, kama ninavyozifuta zote,
na kioo kikawa chekundu, Kiboriloni hadi Pasua.

Kikaoni wameniuliza:
miezi kumi na minne ya utafiti, ndiyo imezaa ombi la kuchonga funguo mbili?
Ndiyo. Fundi wa stendi anataka elfu tatu.
Na ripoti nimeirekebisha, msome vizuri:
Mfumo unahimili, Mrutu akiwepo.