Siuzi

Kipupwe kimeshuka usiku kutoka Kitulo,
asubuhi majani ya viazi yameungua kwa sakitu.
Nimechota udongo mweupe korongoni kwa Mwaisumo,
nikauchuja kwa kitenge kilichochakaa,
nikapaka baraza kwa kiganja, juu, chini, juu,
alama za vidole nikaziacha.
Mama mkwe angezifuta.
Mimi sizifuti.

Mahindi ya mbegu nimeyasuka kwa maganda yake,
mashada sita upenuni,
mekundu katikati, meupe pembeni.
Kwenye ngazi, maboga matatu;
moja lina chunjua kama pua ya Ambakisye,
nimelielekeza barabarani makusudi.

Hapa Isyonje, kikikaa barabarani kina bei.
Basi la Tukuyu likapunguza mwendo, vichwa dirishani:
“Mama, boga shilingi ngapi?”
Siuzi.
“Na yale mahindi?”
Siuzi.
Tusekile akacheka hadi khanga ikamdondoka:
“Sasa umeyapanga ya nini, yakuamkie?”
Naam. Yaniamkie.

Jioni dereva wa lori la viazi akasimama,
akashuka, injini ikinguruma,
mikono kaifumbata kwapani kwa baridi.
Nikamwahi: siuzi.
“Nimesikia,” akasema,
akabaki amesimama.

Jumatano iliyofuata akapita tena,
akapiga honi mara moja, ndogo,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala.

Boga lenye chunjua limeanza kuoza ubavuni.
Nimeligeuza kidogo tu,
pasionekane.