Ndoano Isiyo na Jino

"Mwangaluka," namwamkia,
naye anajaribu kulijibu, kama mtu anayetafuna barafu.
Halvard Nesse, daktari mstaafu wa meno,
amepanda ndege tatu na basi moja hadi Magu
kuja kuvua samaki ambaye hatamla.

Mvua imekatika siku ya nne.
Simiyu umeshuka kutoka rangi ya tofali
hadi rangi ya chai.
Mimi hutangulia, hiyo ndiyo kazi:
kupiga fimbo kwenye matete kabla ya mguu wake,
kusoma tope.
Hapa kiboko alirudi majini alfajiri.
Hapa mamba aliburuta tumbo, lakini ni jana,
kingo za alama zimeshapasuka.
"Simama hapa. Usiuvuke ule mti ulioanguka."
Naye, aliyeng'oa magego ya wavuvi miaka thelathini na minane,
ananitii kama mtoto wa chekechea.

Mshipi wake wa njano unakwenda nyuma,
unangoja,
unakwenda mbele.
Haurushwi, unasindikizwa.
Mwishoni yuko nzi niliyemfunga jana kwa taa ya sola:
unyoya wa kanga,
uzi mwekundu wa cherehani ya shangazi Kabula,
na ndoano niliyoiminya jino kwa koleo
ili itoke bila kuchana.
Aliichungulia kwanza, kitaalamu, akasema, "Safi. Haina mzizi."

Kwa Kiswahili chake cha kitabuni ananisimulia
samaki wa kwao, mwenye madoa,
anayezaliwa mtoni, anahamia bahari kuu,
anakaa huko miaka, ananenepa,
kisha anarudi kwenye jiwe lilelile, hali kitu njiani.
"Analijuaje?"
"Kwa harufu."
Nikatikisa kichwa kama mgeni wa habari hizo.

Baba yangu alikuwa haamshwi na jogoo.
Aliamshwa na bati: mvua ya kwanza kubwa ikilipiga,
amekwisha kutoka na migono begani,
kwa kuwa ningu walikuwa wanapanda.
Kutoka ghubani walipanda, wakipandana,
mto mzima mgongo mmoja unaotembea kinyume.
Bibi aliwabanika mpaka moshi ukakaa kwenye nguo zetu za shule.
Halafu nyavu zikasogea mdomoni mwa mto,
zenye macho ya chujio,
na Simiyu ukazibwa kama chupa.
Migono iko darini. Kuku hutagia humo.

Saa mbili na nusu, kuyu akashika.
Gurudumu likapiga kelele, mzee naye akapiga yake,
nami nikaingia maji ya kiunoni na wavu,
jicho moja kwa samaki, jingine kwenye matete.
Magamba ya dhahabu iliyochakaa, midomo minene ya mtu aliyenuna.
Halvard akamwelekeza kichwa kwenye mkondo,
akamshikilia kwa viganja viwili mpaka pumzi ikamrudia.
Akafungua.

Ng'ambo, Mbuke aliacha kufua.
"Nyanjige! Mmepata?"
"Tumepata!"
"Yuko wapi?"
"Tumemrudisha."
"Mmemrudisha wapi?"
"Kwao."
Kimya. Shuka linadondosha maji.
"Na hela amekupa?"
"Amenipa."
Alicheka mpaka sabuni ikamponyoka ikaenda na mto,
akaikimbilia, bado anacheka.

Wakati wa kufungasha, mzee alinyoosha kidole.
"Na juu kule, baada ya kona, kuna nini?"
"Mamba," nikasema.
Si uongo. Yupo mmoja, mkia umekatika.
Lakini yapo pia majabali mawili,
na kati yake changarawe safi, maji ya magotini,
ambako masika iliyopita nilikwenda peke yangu
bila fimbo, bila wavu,
nikalala kifudifudi juu ya jiwe.
Hata baba sijamwambia.
Niliwahesabu: tisa.
Kumi, kama yule wa mwisho hakuwa jani.