Mstari wa Zambarau

Mimi ndiye niliyesema, "Funga mkanda, Millaray,"
na mimi ndiye niliyemwona kwenye kioo
akiupitisha wa begani chini ya kwapa
kwa kuwa unamkwaruza shingo.
Nikanyamaza. Barabara ya Lautaro ilikuwa ukungu mtupu,
nami nilikuwa nimechelewa na maziwa ya watu.

Lori la magogo lilisimama bila taa.
Nakumbuka weupe kila mahali, madebe yakilia,
na yeye nyuma, macho makavu:
"Baba, umemwaga."

Hospitalini Temuco walimpiga picha. Safi.
Akaomba juisi ya pichi.
Daktari kijana akaanza kuandika ruhusa.
Lakini nesi Quidel, miguu imemvimba kwa zamu,
alimfunua shati, akainama
akautazama ule mstari wa zambarau
toka nyonga hadi nyonga, chini kidogo ya kitovu,
upana wa vidole vitatu,
kama mtu amepigia mstari neno
ambalo hakuna aliyelisoma bado.

"Huyu haendi popote," alisema.
"Mkanda ukiandika nje, mara nyingine umeandika na ndani."

Usiku wa pili tumbo likawa ubao.
Hakulia. Alikunja magoti,
akanisihi nisiguse kitanda.

Utumbo ulikuwa umebanwa kati ya mkanda na uti wa mgongo,
ukapasuka kimya kimya,
kama mpira wa bustani uliokanyagwa.
Walikata kipande urefu wa kiganja changu.
Nilikipima kiganja changu korido nzima.

Mama yake akapiga simu toka Antofagasta:
"Alikuwa amefunga?"
Nikasema ndiyo.
Ni kweli. Ni nusu ya kweli.

"Bila mkanda ungemzika," daktari aliniambia.
Naushukuru ule utepe. Nauchukia.
Hayo mawili yamekaa kiti kimoja, yanasukumana.

Zambarau ikawa kijani, kijani ikawa manjano,
manjano ikaondoka bila kuaga.
Umebaki mshono, wima,
anaouonyesha wenzake kwa sarafu moja.

Siku hizi anakalia kiti cha kumwinua.
Ananuna: ana miaka tisa, na shule nzima inamwona.
Kabla sijawasha gari nashuka,
nafungua mlango wa nyuma,
nautafuta mfupa wa nyonga kwa kidole.
"Hapa. Kwenye mfupa. Tumbo halina wa kulitetea."
"Najua, baba."

Tak.

Nauvuta tena.