Pumzi za Januari

Karakana yangu iko Superior, upande wa Wisconsin.
Ng'ambo ya daraja ni Duluth, jimbo jingine, kitabu kingine cha sheria:
kule siku zinahesabiwa hivi, huku tunazihesabu vile,
na wateja huniuliza, Ardis, kwani nikivuka maji nitakuwa mtu mwingine?
Nawaambia sheria ni msumeno,
na waya nilioufunga chini ya usukani haujui mpaka.

Kazi yenyewe ndogo. Bisibisi, utepe mweusi, dakika tisini.
Kisha namfundisha mtu mzima kupuliza:
vuta, puliza, guna, usikate.
Usisukutue kwa dawa ya mdomo kabla ya safari.
Barabarani kitalia tena; puliza tena.
Panya huuma huku akipuliza.
Hapa inayouma ni sheria, anayepuliza ni wewe,
na kuumwa huko unakulipia, kila mwezi.

Leo imekuja pikapu ya Verlyn Tollefson,
chumvi ya barabara imeipaka hadi madirishani.
Mwenyewe yuko nje anavuta sigara, baridi ya kukata masikio.
Mimi ndani nasoma Januari yake.

Tarehe nne, saa tisa usiku: imekataa.
Saa tisa na dakika sita: imekataa.
Saa tisa na robo: imekataa.
Alitaka kwenda wapi, na theluji ile?
Kisha siku kumi na moja safi, zimefuatana.
Nikafurahi, utadhani nimemzaa mimi.

Tarehe kumi na sita, saa moja na nusu asubuhi: imekataa.
Saa moja na dakika thelathini na tatu:
imekubali.

Kamera haina adabu, hupiga tu.
Kofia ya sufu yenye kishada. Pengo la meno mawili.
Mashavu yamefura kama anazima mishumaa ya keki,
na pembeni mkono wa baba umeshika mrija,
umeushika taratibu,
kama anayemnywesha mtoto dawa.

Shuleni alifika, nadhani. Hilo kifaa hakiandiki.

Fomu ina kisanduku kimoja cha kutia alama.
Verlyn anainama dirishani, ananiuliza kwa kidole gumba: tayari?
Pumzi yake imeshika kioo, duara dogo jeupe.
Nangoja lifutike kwanza.